Jezi nyekundu ndani ya mkoba

MSOMAJI mpendwa, kuna mambo mawili ambayo mtu wa Bungoma hapendi kuyafanya peke yake: kula kuku na kutazama mpira. Kuku anataka mgeni wa kuwekewa firigisi. Mpira nao unataka mtu wa kubishana naye, wa kumwambia kwamba refa ni kipofu, na wa kukushika mkono kipa anapotoka langoni bila sababu. Bila mtu huyo, utarudi nyumbani na maneno tele tumboni kama aliyekula akakosa maji ya kushushia.

Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2017, mimi niliondoka Bungoma peke yangu kwenda Kakamega, uwanja wa Bukhungu, kuitazama timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ikifungua kampeni yake ya Kombe la CECAFA dhidi ya Rwanda. Nataka nikusimulie safari hiyo. Huenda wewe au kijana wako siku moja mkatamani kufunga safari kama hiyo, mkajikuta hamna mwenzenu wa kwenda naye, na mkaamua kubaki nyumbani. Usibaki. Lakini kwanza nikueleze kwa nini nilikuwa peke yangu.

Bakoki wangu

Nina rafiki mmoja anayeishi Kitale. Tulitahiriwa mwaka mmoja, 1986, na kwetu Wabukusu waliotahiriwa pamoja huitana bakoki. Huo si urafiki wa kuokotwa njiani. Bakoki wako anaweza kukutania mbele ya mama mkwe nawe usikasirike, na siku ya msiba wako hangoji kuitwa.

Yeye ana duka la mbegu na mbolea Kitale, mimi ni mwalimu Bungoma. Miaka nenda miaka rudi, palipochezwa mechi kubwa Kakamega au Kisumu, tulikuwa na mpango usiobadilika. Yeye aliteremka na matatu ya Kitale, mimi nikatoka Bungoma, tukakutana Webuye. Ukiitazama ramani utaona ni kwa nini. Barabara ya kutoka Kitale na ile ya kutoka Bungoma zinaonana Webuye, na kutoka hapo msafiri huteremka kusini hadi Kakamega na mwisho Kisumu. Aliyetangulia kufika alinunua mahindi mawili ya kuchoma, aliyechelewa akalipa nauli ya wote wawili. Tulikuwa na jezi za Harambee Stars zinazofanana, nyekundu, tulizonunua siku moja kwa mchuuzi mmoja. Tulipozivaa pamoja watoto walituita mapacha.

Kisha ukaja mwaka wa 2017. Bila shaka unaukumbuka. Tulipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, na uchaguzi wa marudio ukafanywa tarehe 26 Oktoba. Siku hiyo bakoki wangu alipiga kura, mimi nikakaa nyumbani. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu zake, na wala sikuandika makala haya ili kukushawishi kwamba zangu zilikuwa bora.

Jumamosi iliyofuata tulikutana matangani kijijini. Mtu akataja siasa. Neno moja likazaa la pili, na mbele ya wazee waliotupeleka mtoni tukiwa wavulana, bakoki wangu aliniambia neno ambalo sitaliandika hapa. Nami nikamjibu kwa lingine baya zaidi. Tangu siku hiyo hakupiga simu, nami sikupiga.

Usivae nyekundu

Mashindano yale nayo yalikuja nchi ikiwa bado na majeraha. Rais alikuwa ameapishwa tarehe 28 Novemba, siku tano tu kabla ya mechi. Zimbabwe ilikuwa imejiondoa dakika za mwisho kwa kuhofia usalama. Tena Septemba mwaka huo huo Kenya ilikuwa imepokonywa uenyeji wa michuano ya CHAN kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Hivyo CECAFA ilikuwa kama chakula cha mabaki, lakini mwenye njaa hachagui sahani. Na kwa sisi watu wa magharibi ilikuwa zawadi. Ni mara ngapi Harambee Stars wametoka Nairobi kuja kucheza mlangoni petu?

Asubuhi nilipotoa jezi sandukuni, mke wangu alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

“Baba watoto, hiyo ni nyekundu.”

“Ni ya timu ya taifa.”

“Watakaokupiga hawatakuuliza ni ya timu gani.”

Msomaji, kama ulikuwa ughaibuni mwaka ule huenda ukacheka. Nyekundu ilikuwa rangi ya chama tawala, na upinzani ulikuwa na rangi yake. Kakamega ilikuwa ngome ya upinzani. Shati lilikuwa limekuwa kadi ya chama. Sikubishana. Nilikunja jezi nikaitia ndani ya mkoba, chini ya koti la mvua, nikavaa shati la kijivu ambalo halimuudhi mtu yeyote.

Mgonjwa wa Kakamega

Nilifika steji ya Bungoma saa tatu asubuhi. Ukitaka kuujua mji wa Bungoma usiuangalie siku ya wiki, reli na soko na bodaboda vinapogombea nafasi. Uangalie Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa nusu, akina mama wakielekea kanisani na vitambaa vyeupe, na harufu ya mandazi ikitoka kwenye vibanda vya chai. Nilikunywa chai ya maziwa, nikanunua njugu za shilingi ishirini, nikapanda matatu.

Kawaida matatu ya Bungoma ni bunge. Wasiojuana hujadili bei ya miwa, mkwe mchoyo na mbunge mlafi kabla hata gari halijafika Kanduyi. Siku hiyo kila mtu alitazama dirishani. Dereva aliweka nyimbo za injili kwa sauti ya chini, kama mtu anayetuliza mtoto. Karibu yangu aliketi mzee mmoja mwenye kofia ya sufu na fimbo.

Tulipopita Bukembe, penye njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha Nzoia, na ile harufu nzito ya miwa ilipoingia garini, mzee aliniuliza, “Mwalimu, safari ya wapi?” Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Labda chaki haitoki mwilini.

Nikafungua kinywa kusema naenda mpirani. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, “Naenda Kakamega, mzee. Kumwona mgonjwa.”

“Mungu amponye,” akasema. “Mimi nakwenda maombi.”

Nilinyamaza kwa aibu. Mtu mzima wa miaka arubaini na mitano, baba wa watoto wanne, nadanganya kuhusu mpira kama mwanafunzi aliyetoroka shule! Lakini uongo huo haukuwa wa mpira. Nilihofia kwamba jibu langu lingezaa swali la pili, na la pili lizae la tatu, hadi aulize jina la babangu na mahali nilipokuwa tarehe 26 Oktoba.

Webuye

Wazee bado huuita mji wa Webuye kwa jina la zamani, Broderick Falls, kutokana na maporomoko ya mto Nzoia yaliyo karibu. Juu yake kuna kilima cha Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu waliokuwa wamejifungia ndani ya boma walipigana na jeshi la Waingereza wakauawa kwa wingi. Chini yake kuna kiwanda cha karatasi kilichojulikana kama Pan Paper. Kwa miaka mingi abiria aliyelala aliamshwa na harufu yake, akajua amefika Webuye. Kilifungwa mwaka 2009, na mji ulikosa ajira kuliko ulivyofurahia hewa safi.

Gari letu lilisimama hapo likingoja abiria. Niliteremka. Nilipofika kwa mama anayechoma mahindi nikainua vidole viwili, kwa mazoea tu, kisha nikashusha kimoja. Matatu mbili za kutoka Kitale ziliingia nikiwa nimesimama pale. Nilitazama kila aliyeshuka. Niliitoa simu, nikalitafuta jina lake, nikalitazama, nikairudisha mfukoni. Wahenga walisema kiburi si maungwana, lakini hawakutuambia namna ya kukitua kikiwa kimekukaa shingoni.

Kutoka Webuye barabara huvuka mto Nzoia na kuingia nchi ya miwa, mahindi na vilima vidogo vya kijani. Unapita Malava, ambako msitu umesogea hadi ukingoni mwa lami na nyani hukaa kando wakihesabu magari. Kisha Lubao, maarufu kwa soko lake la mbwa la kila Ijumaa. Ndiyo, mbwa, msomaji. Watu hutoka mbali kuja kununua mlinzi wa boma, na bei hupatanwa kama ya ng'ombe. Kisha miti inapungua, nyumba zinaongezeka, na umefika Kakamega, mji uliovuma miaka ya 1930 kwa dhahabu na sasa unavuma kwa mvua. Mvua ya alasiri pale haihitaji mwaliko, ndiyo maana nikakwambia nilibeba koti.

Uwanjani

Nilipofika karibu na Bukhungu nilisikia ngoma kabla sijaona lango. Ilikuwa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ile ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa haraka. Ukiisikia mwili wako hauombi ruhusa. Nilijikuta natembea kwa mdundo wake huku nimebana mkoba kwapani kama mwizi.

Nililipa kiingilio, nikaingia, nikasimama. Mbele yangu palikuwa na nyekundu kila mahali. Jezi nyekundu, vitambaa vyekundu, watoto waliopakwa rangi nyekundu, nyeusi, kijani na nyeupe mashavuni. Kijana mmoja aliyekuwa amevaa jezi kama yangu alikuwa amejifunga kiunoni skafu ya chama cha upinzani, wala hakuona ajabu yoyote. Nami niliyekuja na rangi hiyo imefichwa chini ya koti la mvua nilijiona mjinga. Sikuwa mjinga kwa kuogopa, maana mwaka ule watu walikuwa wamekufa kweli. Ujinga wangu ulikuwa kuamini kwamba wenzangu wote hawakumbuki jezi ni nini.

Niliivua kijivu pale pale nikaivaa nyekundu. Na kabla sijaiweka sawa nikasikia sauti nyuma yangu.

“Mwalimu! Mgonjwa wako anaendeleaje?”

Niligeuka. Alikuwa mzee wa matatu, na kofia ile ile ya sufu, fimbo mkononi na filimbi mdomoni.

“Na maombi yako, mzee?”

“Si ndiyo haya?” akajibu, akanionyesha uwanja kwa fimbo.

Tulicheka hadi watu wakatugeukia. Wazee wawili waliokuwa wamekaa gari moja wakidanganyana kwa heshima! Akasogea, nikapata mahali pa kukaa.

Wimbo wa taifa ulipoanza, watu walisimama. Unajua muziki wake ulitokana na bembelezi ya Wapokomo wa mto Tana, wimbo wa mama wa kumtuliza mtoto. Sitakudanganya kwamba nililia, wala kwamba nchi ilipona siku hiyo. Nilitazama tu kulia na kushoto nikaona midomo yote inatembea, ya waliopiga kura na ya waliokaa nyumbani, na sikuweza kuwatofautisha.

Kuhusu mechi yenyewe, Kenya ilishinda mabao mawili kwa bila. La kwanza alifunga Masoud Juma kwa penalti, na hakuna aliyeshangaa, maana msimu ule alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu kwa mabao 17 akiwa na Kariobangi Sharks. La pili lilikuwa la Duncan Otieno wa AFC Leopards, kwa frikiki. Nitakaposahau mengine yote ya siku hiyo nitaikumbuka frikiki hiyo. Mpira ulipogonga nyavu nilirukia kulia nikainua mkono kumpiga bakoki wangu begani, kama nilivyofanya miaka yote. Kulia kwangu palikuwa na ngazi tupu ya saruji.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu kutazama mpira peke yako. Mwanzoni ni raha. Hakuna anayekuuliza muda, hakuna anayekuagiza soda, na macho yako yanaona mengi: beki anayewapanga wenzake kwa mkono, winga asiye na mpira anayekimbia bure ili mwenzake apate njia. Lakini bao linapoingia unatambua kwamba nusu ya bao ni la kumpa mtu. Mzee alinipa mkono kwa furaha, nami nikaupokea. Lakini hakuwa yeye niliyemtafuta.

“Mgonjwa amepona kabisa,” mzee akasema kipenga cha mwisho kilipolia. “Rudi nyumbani uwaambie.”

Salio la shilingi hamsini

Giza lilikuwa limeingia tulipofika Webuye. Niliteremka, nikamwambia utingo asiningoje. Nilinunua hindi moja, nikanunua na salio la shilingi hamsini, nikapiga.

Iliita mara nyingi. Kisha akapokea, asiseme neno. Nilisikia redio nyuma yake.

“Uko wapi?” akauliza mwishowe.

“Webuye.”

Kimya. “Peke yako?”

“Peke yangu.”

“Ulivaa?”

Nilijua anauliza nini. “Nilivaa,” nikasema. “Lakini nilifika nayo imefichwa.”

Akavuta pumzi ndefu. Nikangoja aseme kuhusu matanga, kuhusu lile neno langu. “Nilisikia redioni tu,” akasema. “Hebu nieleze ile frikiki. Alipiga kwa mguu gani? Ukuta ulikuwa na watu wangapi? Kipa alisimama wapi?”

Nikamweleza. Nilimweleza hadi shilingi hamsini zikaisha katikati ya sentensi. Dakika moja baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, amenunua salio lake.

Kabla hujafunga safari

Msomaji, baada ya Rwanda Stars walitoka sare tasa na Libya na Zanzibar, wakaifunga Tanzania bao moja, wakaingia nusu fainali dhidi ya Burundi, Kisumu, tarehe 14 Desemba. Nitarudi hapo. Kwanza nikupe mashauri machache, wewe au mwanao anayetaka kwenda mechi ya mji mwingine peke yake.

Ondoka asubuhi, si mchana, maana matatu ya siku ya mechi hupandisha nauli kadiri saa zinavyosonga. Gawa pesa zako mifuko miwili na nauli ya kurudi usiiguse hata ukiona jezi ya bei rahisi. Mwambie mtu nyumbani unakokwenda kweli, si habari ya mgonjwa. Keti karibu na mzee au familia, usiketi palipojaa walevi. Kipenga kikilia usikimbilie lango pamoja na umati, ngoja dakika kumi. Nawe mzazi mwenye binti anayependa kandanda, usimkataze. Safari moja iliyopangwa vizuri itamfunza kuliko makatazo mia. Fursa zitakuja, maana CHAN tuliyoikosa ilitufikia hatimaye Agosti 2025, na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa hapa kwetu pamoja na Uganda na Tanzania.

Na sasa Kisumu. Alhamisi hiyo ya tarehe 14 nilifika Webuye mapema, nikamwendea mama wa mahindi nikainua vidole viwili. Matatu ya Kitale ilichelewa. Ilipofika akashuka mtu mwenye jaketi lililofungwa zipu hadi kooni, jua likiwaka. Alinitazama, akaishusha zipu polepole. Chini yake palikuwa pekundu.

“Umechelewa,” nikamwambia. “Nauli ni yako.”

Stars walishinda siku hiyo kwa bao la Whyvonne Isuza katika muda wa ziada, na tarehe 17 wakatwaa kombe huko Machakos kwa kuishinda Zanzibar kwa penalti, Patrick Matasi akiokoa tatu. Wakubwa wa siasa nao walikuja kupeana mkono tarehe 9 Machi 2018. Sisi wawili tulikuwa tumewatangulia kwa karibu miezi mitatu, na hakuna aliyetupiga picha.

Lile neno la matangani hatujawahi kulizungumza. Hadi leo, kuna mahali katika maongezi yetu ambapo wote wawili tunapunguza mwendo, kama dereva anayekaribia tuta. Kisha tunalivuka, na mmoja wetu anauliza mechi ijayo ni lini.